Ukichomoa spika moja na besi ikaongezeka

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Tanga. Mwezi uliopita nilinunua spika mbili ndogo za mbao, mtumba wa Uingereza, kwa kijana anayeuza vitu vya kontena. Wufa zake, yaani zile koni kubwa za besi, ni za inchi tano, nyuma zina tundu, kibandiko kinasema omu 6 na desibeli 86. Nimezifunga kwenye amplifaya ya wati 30 kila upande, muziki unatoka kwenye simu. Sebule yetu ni mita 4 kwa mita 3 na nusu, chini vigae, juu jipsamu. Spika zimekaa juu ya kabati la TV, moja kila mwisho. Nasikiliza zaidi taarab na dansi ya zamani. Mume wangu anasema nimepigwa, kwa sababu sabufa yetu ya siku zote ina besi kuliko hizi, na kweli sauti ya mwimbaji hata sijui inatoka wapi, imetapakaa tu. Cha ajabu, nikichomoa waya wa spika moja naona kama besi inaongezeka. Nimeuziwa mbovu, au spika ndogo ndivyo zilivyo?

Jibu: Marahaba mwalimu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu karakanani, maana jibu umeliandika mwenyewe kisha ukalipita. Hicho unachokiita cha ajabu ndicho kinachosema yote. Spika mbili zikifanya kazi pamoja haziwezi kutoa besi pungufu kuliko moja. Zikitoa pungufu, ujue zinapigana.

Zinapiganaje? Koni ya kushoto inasukuma hewa mbele wakati uleule ambao ya kulia inaivuta nyuma. Wimbi la besi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, sebule yako yote haifiki huko. Kwa wimbi refu namna hiyo spika zako mbili ni kama zimesimama mahali pamoja: huyu anatoa, yule anachukua, mkononi hakibaki kitu. Sauti za juu zina mawimbi ya sentimita chache tu, hizo hazifutani sawasawa. Zinabaki, lakini zinafika masikioni zimevurugika, na ndiyo sababu mwimbaji wako hana pa kusimama. Ukichomoa spika moja, vita vimekwisha, besi inarudi.

Kwa hiyo kabla hujamtafuta yule kijana wa kontena, washa tochi ya simu uangalie nyuma. Waya tunazouziwa madukani mara nyingi ni zile pacha za plastiki angavu, mbili zimeshikana, ukiziangalia kwa haraka huwezi kuzitofautisha. Tafuta alama: uzi mmoja una mstari mwembamba au maandishi, au shaba ya mmoja ni nyekundu na ya mwingine ni nyeupe. Uzi utakaoutoa kwenye kibano chekundu cha amplifaya lazima uingie kwenye chekundu cha spika, kulia na kushoto vilevile. Kesi saba katika kumi zinazokuja kwangu na malalamiko kama yako huishia hapo, na mteja anaondoka anaona aibu bure. Hakuna aibu. Waya zile zimetengenezwa kana kwamba mtu alitaka tukosee.

Ukikuta nje kila kitu kiko sawa, basi tatizo liko ndani ya boksi, na kipimo chake ni betri ya kawaida ya volti 1.5, ile ya rimoti. Chomoa kwanza spika kwenye amplifaya, toa wavu wa mbele. Unganisha chanya ya betri na kibano chekundu cha spika, kisha hasi uigusishe kwenye cheusi nusu sekunde tu. Utasikia "tup". Usiangalie waya, angalia koni: inatakiwa iruke mbele, ikujie wewe. Fanya hivyo kwa zote mbili. Moja ikikujia na nyingine ikikukimbia, mwizi umempata.

Hili la ndani ni nadra litoke kiwandani. Hutokea mikononi mwetu sisi mafundi. Miaka ya nyuma nilibadilisha sponji za spika za mzee mmoja wa Magomeni, kazi safi kabisa, gundi haijaonekana popote, halafu nikarudisha vipini vya waya kinyume kwenye moja. Akazichukua, akalipa. Baada ya wiki akarudi nazo kwenye bajaji, hakugomba wala nini, akasema tu kwamba tangu nizitengeneze wanamuziki wake wamehama nyumba. Tangu siku hiyo spika haitoki mlangoni kwangu bila kuguswa na betri.

Ukiwa umeshatoa wavu, kagua na ule ukingo unaoishika koni. Ubonyeze taratibu kwa ncha ya kidole. Ukiwa wa mpira utakuwa mlaini kama tyubu ya baiskeli, na huo hudumu miaka mingi. Ukiwa wa sponji, na ukaona unaacha unga mweusi kidoleni au una nyufa, ujue unaoza. Sponji huoza yenyewe hata spika ikikaa stoo haijaguswa, na joto la pwani na unyevu wake huongeza kasi. Hiyo inatengenezeka kwa pete mpya, boksi na koni vinabaki vilevile. Ila usisikilize kwa sauti kubwa kabla haijatengenezwa, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, itaanza kusugua na hapo utaharibu kilicho kizima.

Sasa tuchukulie waya umezinyoosha. Tuje kwenye ugomvi wako na mume, na tukubaliane kwanza kwamba hajakosea kabisa.

Ili koni itoe hezi 40 kwa ukali uleule iliotoa hezi 80, inatakiwa itembee mara nne zaidi. Hiyo ni fizikia, haijali bei wala nchi ilikotoka. Na wufa ya inchi tano, ukiutoa ukingo, koni yenyewe ni kama kisahani cha kikombe cha chai. Itatembea milimita chache, imefika mwisho. Ndiyo maana mtengenezaji akaweka lile tundu nyuma. Si la kupumulia joto kama wengi wanavyodhani. Ni mdomo wa chupa: ukiipuliza chupa inalia noti yake, na boksi lako nalo limepimwa lilie mahali karibu na hezi 50 au 60, limsaidie koni pale anapochoka. Chini ya hapo sauti inaporomoka haraka sana, haraka kuliko kwenye boksi lililozibwa. Kwa hiyo kama mume anataka kifua kitikisike, spika hizi hazitamtikisa, leo wala kesho.

Lakini na hiyo sabufa tuiulize maswali. Igeuze uangalie nyuma. Mbele imeandikwa maelfu ya wati kwa zile herufi nne, P.M.P.O., na nyuma kwenye kibandiko kidogo utakuta inakula wati 50 au 60 kutoka ukutani. Mashine haitemi zaidi ya inachokula. Besi yake kubwa haitoki kwenye nguvu, inatoka kwenye ujanja: boksi limepimwa lilie kwa nguvu kwenye noti moja au mbili, na chochote kinachopita karibu na hapo kinageuzwa kuwa noti hiyo. Ni kama jirani mwenye kicheko kimoja kwa kila habari.

Kulithibitisha hilo chukua dansi yoyote ya zamani usikilize gitaa la besi peke yake. Nyuzi nne za besi, zikipigwa wazi, zinalia takribani hezi 41, 55, 73 na 98. Mpiga besi wa dansi hasimami, anatembea: anapanda, anashuka, anamjibu mwimbaji, akifika kwenye chemko ndiyo anakimbia kabisa. Kwenye sabufa utasikia dum, dum, dum, kila hatua sawa na iliyotangulia. Kwenye spika zako, waya zikiwa sawa, unaweza kuuimba mstari wake kwa mdomo. Noti za chini kabisa zitakuwa nyepesi, sikatai, ila masikio yana tabia moja ya kusaidia: yakisikia sehemu za juu za noti, hezi 82, 123 na kuendelea, yanaijaza ile 41 yenyewe. Unaijua noti ni ipi hata kama tumbo halikuisikia.

Na kwa taarab uipendayo, nusu ya ugomvi haipo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, mitambo ya wakati ule haikushika besi ya kina wala vile vilele vya juu kabisa. Kilichomo kwenye sahani zile za santuri ni sauti ya mtu na ala za katikati. Hata ukileta sabufa ya ukubwa wa jokofu, utakachoongeza ni mngurumo wa sahani inavyozunguka.

Sauti ya mtu ndiyo hasa kazi iliyozizaa spika za namna hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walihitaji spika ya kuwekwa ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo hata fundi mwenyewe anakaa kwa kujikunja. Wakatengeneza kiboksi cha mbao nyembamba, sentimita 30 kwa 19 kwa 16, kimezibwa pande zote, wakakiita LS3/5A. Kimekuja kutengenezwa na kampuni kadhaa kwa leseni, Rogers, Spendor, Harbeth na nyingine, na mpaka leo wapo watu wanaokitafuta kama dhahabu. Kinakunywa umeme mwingi na kinatoa sauti kidogo, kama desibeli 82 hivi, na ukishuka chini ya hezi 70 kinaanza kukata tamaa. Lakini mtu akisema "habari za jioni" ndani yake, unamjua kama ana mafua. Kipimo chao kikubwa kilikuwa hicho: sauti ya mtu wanayemfahamu, wailinganishe na ile inayotoka kwenye boksi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wharfedale, kampuni ya spika ya Uingereza, nao wakatoa spika yao ya kwanza ya jina la Diamond, ndogo na ya bei ya mtu wa kawaida, na ukoo wa spika zako, jina lolote lililoko kwenye wavu, unapita hapo katikati ya hizo mbili.

(Mkasa mwingine wa spika ndogo ni wa Yamaha NS-10, ile ya koni nyeupe. Ilitoka mwaka 1978 kama spika ya sebuleni, haikupendwa sana. Watu wa studio wakaichukua kwa sababu ilikuwa haifichi kasoro, wakawa wanabandika karatasi laini ya chooni mbele ya twita, ile koni ndogo ya sauti za juu, ili isiwachome masikio. Nyimbo nyingi sana unazozijua zimepimwa juu ya koni zile. Kwa hiyo anayesema spika ndogo ni za watoto mwache tu.)

Jozi ya inchi tano yenye tundu nyuma ninayo nyumbani, naisikiliza karibu kila usiku bajaji zikishapungua barabarani. Nikueleze ninachokisikia, ulinganishe na chako.

Kwanza ni qanuni. Kidole kinapoachia uzi kuna kitu kama kijiwe kinachodondoka kwenye bakuli la maji, halafu mlio ndiyo unakuja nyuma yake. Hicho kijiwe ndicho twita nzuri na koni nyepesi hukileta. Kwenye sabufa unapata mlio bila kijiwe, na ukizoea hivyo unadhani qanuni ni ala ya kubembeleza tu. Udi unakuwa na mbao zake, unasikia kitu kina tumbo. Dumbaki "tak" yake iko kamili, "dum" yake ni fupi kuliko ilivyo ukiwa ukumbini, lakini ni ya ngozi, si ya boksi. Besi kubwa ya kusimama ndiyo inayopungukiwa zaidi: vidole vyake navisikia vikigusa nyuzi, uzito wake nausikia nusu.

Mwimbaji mwanamke ndipo ninapovua kofia. Anasimama katikati, nyuma kidogo ya mstari wa spika, kwa urefu wa mtu aliyekaa. Anapovuta pumzi kabla ya ubeti unaisikia pumzi. Ukifumba macho spika hazipo.

Kasoro nazo zipo. Waitikiaji wakiingia wote, fidla tano na akodioni juu yake, na nikawa nimepandisha sauti kupita nusu, kila kitu kinasogea mbele kwa pamoja na fidla zinakuwa ukuta mmoja mkali. Koni ndogo imelemewa: inatakiwa itembee kwa ajili ya besi na wakati huohuo itetemeke kwa ajili ya sauti za watu, na vinaanza kuchafuana. Dawa ni kushusha kidogo. Spika hizi zina sauti yake, kama gari lina mwendo wake.

Kwenye sebene magitaa matatu nayahesabu: solo kulia, la kati likirudia kamba yake bila kuchoka, ridhimu kushoto. Ila hapa angalia usidanganyike. Rekodi nyingi za dansi za miaka ya 1960 na 1970 ni mono, yaani kulia na kushoto ni kitu kilekile. Kwenye hizo usitafute gitaa kulia, halipo. Badala yake zitumie kama kipimo cha kuwekea spika, na hakuna kipimo kizuri kuliko hicho: wimbo wa mono ukiusikiliza ukiwa katikati, bendi nzima lazima isimame kwenye mstari mwembamba kati ya spika mbili, kama imepangwa foleni mlangoni. Ikitapakaa, waya hazijakaa sawa. Ikivutwa upande, spika moja iko karibu na wewe au karibu na ukuta kuliko mwenzake.

Na hapo tunafika kwenye kabati la TV. Mwalimu, kabati ndilo adui wa pili. Boksi likikaa juu ya mbao ndefu yenye uwazi chini, mbao nayo inaimba. Weka kiganja juu ya kabati wakati muziki unapiga, utaisikia. Tena kama miisho ya kabati imefika kwenye kona, kona huikuza besi kwa namna mbaya, inavimba sehemu moja na kuacha nyingine, halafu juu yake sauti za watu zinakuwa kama zimezungumzwa ndani ya pipa.

Tafuta stuli mbili imara zinazolingana, za urefu wa kuifikisha twita kwenye masikio ya mtu aliyekaa, kama sentimita 90 hadi mita moja kutoka sakafuni. Stuli zikiwa fupi ongeza tofali, lifunge kitambaa lisikwaruze. Ziachanishe spika kwa mita 1 na sentimita 80 hivi, wewe ukae mita 2 kutoka kwa kila moja, zigeuze kidogo zikutazame. Kutoka ukutani anza na sentimita 60. Najua, sebule ni ya kuishi, watoto wanapita, wageni wanapita. Sentimita 30 nayo inakubalika. Na kama hakuna namna isipokuwa zisogee karibu zaidi, chukua soksi safi uikunje uizibe ndani ya lile tundu la nyuma. Sikutanii. Watengenezaji wengi huweka kizibo cha sponji kwenye maboksi yao kwa kazi hiyohiyo, ila kwa mtumba kizibo hicho hufika Tanga mara chache. Tundu likizibwa besi inapungua wingi lakini inakuwa safi, na ukuta unaokuza unarudisha ule wingi uliopungua.

Kiti chako nacho kina neno. Chumba cha mita 4 kina mlio wake wa besi, karibu hezi 43, na mlio huo una tabia ya kujaa ukutani na kutoweka kabisa katikati ya chumba. Upande wa mita 3 na nusu ni karibu hezi 49, mambo yaleyale. Kama umezoea kukaa katikati kamili ya sebule, unakaa ndani ya shimo. Rudisha kiti nyuma nusu mita usikilize. Huu ni ushauri usio na gharama na ndio watu wanaoudharau kuliko wote.

Vigae na jipsamu. Simama pale unapokaa, piga kofi moja kavu. Ukisikia kama mlio wa "triiing" unakufuata, huo ni mwangwi unaoruka kati ya sakafu na dari kama mpira, na kila herufi "s" na kila uzi wa fidla unapakwa mlio huo. Ndiyo sababu watu husema spika za Ulaya ni kali masikioni: zilisikilizwa kwanza kwenye vyumba vya mazulia. Zulia zito kati yako na spika litakufaa kuliko kifaa chochote nitakachokuuzia. Mkeka wa ukindu ni mzuri kwa macho, kwa mwangwi ni mwembamba. Mapazia mazito, kochi la kitambaa badala ya la ngozi, na shelfu ya vitabu vyako vya kufundishia nyuma ya kiti, hivyo vyote ni sehemu ya spika kama ilivyo koni. Kwenye besi havitasaidia, besi inapita humo kama upepo kwenye chandarua.

Kama mko na mazoea ya kusikiliza visomo vya Qurani jioni, hicho ndicho kipimo ninachokitumia mwisho. Sauti moja, kimya kati ya aya na aya. Pale msomaji anaponyamaza sikiliza mwangwi unaobaki: kwenye rekodi ya msikitini utausikia unakwenda mbali na kufifia polepole. Ukisikia badala yake kimya kinakatwa na kile "triiing" cha kofi, unasikiliza sebule yako, si msikiti.

Simu yako uiangalie pia. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uzime kila kinachodai kuongeza besi au kupanua muziki. Vitu hivyo vimetengenezewa spika ya ukubwa wa kifungo. Na kama nyimbo zako nyingi umetumiwa kwenye WhatsApp, zikapita mikono kumi, zimeshakamuliwa. Matoazi yatasikika kama mchanga unaokaangwa, na spika hizi hazitakufichia. Pakua upya nakala nzuri ya wimbo mmoja tu unaoupenda ulinganishe kabla hujailaumu twita.

Amplifaya ya wati 30 inakutosha, nayo tuihesabu uache wasiwasi. Desibeli 86 maana yake kwa wati moja hivi, ukiwa mita moja, unapata 86. Kila ukizidisha nguvu mara mbili unaongeza 3. Wati 2 ni 89, wati 4 ni 92, wati 8 ni 95, wati 16 ni 98. Hiyo tayari ni kelele kwa sebule ya mita 4, jirani atakuwa amekwisha kubisha hodi. Unasikiliza kwa wati moja au mbili siku nyingi. Unachopaswa kuogopa ni kuikaza amplifaya ndogo mpaka ianze kukwaruza, kwa sababu ikikwaruza inapeleka juu umeme ambao twita haikuumbiwa. Twita nyingi zilizoungua ninazoletewa zimeuliwa hivyo, na wenyewe huapa kwamba amplifaya ilikuwa ndogo, kwa hiyo haiwezi kuwa yenyewe.

Waya wa bei usinunue. Shaba halisi ya milimita 1.5 ya mraba, chini ya mita tano, imetosha.

Sabufa nayo usiitupe. Siku ya shughuli, wageni wamejaa mpaka barazani na watu wanataka kucheza, washa sabufa uzifunike spika hizi kanga, zipumzike. Kuchezesha watu arobaini si kazi yao na ukizilazimisha utazirudisha kwangu. Siku za kawaida mume wako mkalishe kwenye kile kiti, katikati, weka wimbo wa mono wa bendi anayoipenda, halafu usimwulize habari za besi. Mwulize mwimbaji amesimama wapi.

Limebaki jambo moja, la betri. Kama itaonyesha koni moja inakwenda nyuma, haraka yako itakuwa kupindua tu waya za spika hiyo hapo nje, nyekundu kwenye nyeusi. Fanya hivyo, haidhuru kitu, na besi itarudi palepale. Kisha sikiliza sauti za wanawake kwa siku mbili. Zikiwa safi na katikati, basi ndani kila kitu kiligeuzwa pamoja na kazi imekwisha; andika kwa kalamu ya wino nyuma ya boksi kwamba hili linafungwa kinyume, ili siku mkihama msianze upya. Lakini kama besi imerudi na sauti ya mwimbaji bado ina shimo katikati, kama imesogezwa nyuma ya pazia, aliyefungua boksi hilo aligeuza waya za wufa peke yake na twita hakuigusa, sasa hawaelewani. Hapo mpelekee fundi wa karibu, mwambie ageuze wufa tu, asiguse kingine chochote, na usimame naye mpaka amalize, betri ukiwa umeishika wewe.